Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Kama mkono wako wa kulia hauna kazi kwa sasa, nakuomba unifanyie jambo moja dogo. Dereva, wewe mikono yako ibaki kwenye usukani, nisikilize tu. Wengine inueni mkono mpaka usawa wa kifua. Kutanisheni ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada, kama mtu anayechukua chumvi kidogo kutia mchuzini. Bana. Achia. Bana tena.

Haya, imetosha. Hukusomea jambo hilo, wala hukuonyeshwa picha. Nimekwambia redioni tu, na mkono ukajua. Basi harakati hiyo hiyo ya vidole viwili ndiyo leo inayobonyeza, inayoshika, inayovuta na kuachia vitu ndani ya miwani ya kompyuta inayouzwa Marekani kwa dola 3,499. Jioni hii nataka tuzungumze habari za mkono na vitu visivyoshikika.

Tuelewane kwanza kuhusu jina, tusije tukapotezana njiani. Uhalisia pepe mmeusikia: unavaa kifaa usoni, unafunikwa macho, unahamishwa ulipo na kupelekwa kwingine. Uhalisia ulioongezwa haukuhamishi. Ukuta ni ule ule wa sebuleni kwako, mkeka ni ule ule, mtoto anapita na mpira wake, nawe unamwona. Ila juu ya meza, pale ulipoweka chai, kuna kitu kingine ambacho wenzako hawakioni: ramani, injini ya gari, moyo wa binadamu unaopiga. Kimechorwa na kompyuta kikawekwa juu ya dunia yako. Jina la fani hii lilitoka kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na mwenzake David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing walitaka mafundi wanaofunga nyaya za ndege waone njia ya kila waya mbele ya macho yao, badala ya kugeuka kila mara kutazama mchoro.

Kutazama ni sehemu nyepesi. Kazi inaanza unapotaka kukishika. Kitu pepe hakina uzito, hakina joto, hakina ukwaruzo. Ukipeleka mkono unapita katikati yake kama unavyopita kwenye moshi wa udi. Sasa utakigeuzaje? Utakisogezaje kushoto? Utakiambiaje kwamba wewe ndiye mwenye nyumba?

Swali hili lina umri mrefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1968, Ivan Sutherland, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na mtambo ulioning'inizwa darini. Aliyekivaa aliona kijisanduku cha mistari kikielea chumbani, na akisogeza kichwa, kijisanduku kinamwonyesha ubavu wake mwingine, kama kitu cha kweli. Macho yalipata riziki yao siku ile. Mkono ulibaki pembeni.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1980, Richard Bolt wa chuo cha MIT alifanya jambo ambalo mimi kila nikilifikiria nalipenda zaidi. Alimketisha mtu kwenye kiti mbele ya ukuta mzima uliofanywa skrini, akamfunga kifaa mkononi cha kuonyesha mkono unaelekea wapi. Mtu yule akanyoosha mkono kwenye umbo lililochorwa ukutani, akasema: weka hicho... akahamisha mkono... pale. Na umbo likahama. Jaribio lenyewe likaitwa kwa sentensi hiyo hiyo, weka hicho pale.

Sikiliza sentensi hiyo kwa sikio la Kiswahili. Weka hicho pale. Hakuna jina la kitu, hakuna jina la mahali. Ukiiandika kwenye karatasi na kumpa mtu, hajui afanye nini. Inakamilika kidole kinaponyooka. Na hapa lugha yetu ina utajiri ambao Kiingereza hakina. Wao wana ngazi mbili, ya karibu na ya mbali. Sisi tuna tatu: hiki, hicho, kile. Hiki kipo kwangu. Hicho kipo kwako, au tumekwisha kukitaja. Kile kiko mbali nasi sote wawili. Kisha hapa, hapo, pale. Kisha huku na huko na kule, na humu na humo na mle. Mama anaposema niletee kile kilicho mle, amekwisha kugawa nyumba nzima kwa maneno mawili, na kidevu chake kimemaliza kazi iliyobaki. Vijana wetu wanaofundisha kompyuta kusikia Kiswahili, nawaomba walitazame hili kwa makini. Mashine inayosikia sauti bila kuona mkono itakuwa imesikia nusu ya Kiswahili tu.

Katika miaka hiyo hiyo palikuwa na Mmarekani mwingine, Myron Krueger, msanii na mtu wa kompyuta kwa pamoja. Yeye hakutaka mtu avae chochote. Kamera ilichukua kivuli chako, kivuli kikatupwa kwenye skrini, na kivuli ndicho kilichosukuma vitu, kilichochora kwa ncha ya kidole, kilichobana kwa vidole viwili. Watu wanapousifu ubanaji wa leo kama uvumbuzi mpya, jina la Krueger linastahili kutajwa. Mwaka 1987 ikaja glavu ya kampuni ya VPL, kazi ya Thomas Zimmerman na Jaron Lanier, yenye nyuzi za kupitisha mwanga juu ya kila kidole: kidole kikikunjwa mwanga unapungua, na kompyuta inajua. Glavu ilikuwa ghali, na mkono ndani ya glavu si mkono ulio huru. Mwaka 2010 Microsoft ikauza Kinect, kamera ya kuona mwili mzima sebuleni. Mwaka 2013 Leap Motion ikatoa kijisanduku cha kuweka mezani chenye kamera mbili za kuona mikono tu, kwa msaada wa mwanga ambao jicho haliuoni. Tuyapite hayo, kwa sababu nataka kuwapeleka Ng'ambo, Unguja, kwenye kibaraza cha shangazi yangu.

Shangazi anashona kofia. Kofia za viua, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, kimoja kimoja, mpaka ua linatokea. Miaka yangu yote namjua akiwa na sindano kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali nikiwa na mpwa wangu, kijana anayesomea kompyuta, naye alibeba kompyuta yake ndogo ya kawaida, ile yenye kamera juu ya kioo. Hakuna miwani, hakuna glavu. Ndani yake ameweka programu ya Google iitwayo MediaPipe, inayopatikana bure tangu mwaka 2019, na juu yake ameandika kazi yake mwenyewe.

Akamwambia, "Bibi, hebu lete mkono wako hapa mbele."

Shangazi akanyoosha mkono. Kwenye kioo mkono wake ukatokea, na juu ya mkono zikatokea nukta, zikiunganishwa kwa mistari. Nukta 21. Nne kwa kila kidole, hizo ni 20, na moja kwenye kifundo cha mkono. Shangazi akakunja vidole, nukta zikakunjika. Akageuza mkono, zikageuka. Akasema, "Hii imeniona mifupa."

Haikumwona mifupa, imekisia, na ukisiaji wenyewe unastahili kuelezwa. Programu hiyo haianzi na vidole. Vidole vina maumbo yasiyo na mwisho, vinafumba, vinapishana, vinajificha. Kiganja ni tofauti: kiganja ni kama uso, hakibadiliki sana umbo. Kwa hiyo inatafuta kiganja kwanza. Ikishakipata inakata kipande hicho cha picha, na ndani yake sasa ndiyo inapanga zile nukta. Ilijifunza kutoka kwenye picha za mikono ya kweli zipatazo 30,000 ambazo binadamu walikaa wakazitia alama nukta kwa nukta, pamoja na mikono iliyochorwa kwa kompyuta. Kidole kikijificha nyuma ya kingine, haikioni. Inakumbuka mikono iliyokwisha kuiona na kusema, kwa kawaida kidole hicho huwa hapa.

Kisha mpwa wangu akaweka kijisanduku cha rangi ya machungwa juu ya picha ya kibaraza, kikaonekana kimekaa kando ya kikapu cha nyuzi. Akasema, "Kichukue, Bibi."

Shangazi alijaribu kwanza kwa kidole kimoja. Alikigusa kwa kidole cha shahada, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango. Hakikwenda. Akakisukuma, kidole kikapita. Akatulia, akakitazama. Halafu akafanya lile alilolifanya maisha yake yote: akakutanisha vidole viwili kana kwamba anaokota sindano. Kijisanduku kikanasa. Akakipandisha. Akakishusha. Akafungua vidole, kikabaki hewani.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema.

Sikuweza kulipata neno lililo sahihi zaidi ya hilo, na nimesoma kurasa nyingi za wataalamu. Tazameni kilichotokea pale. Shangazi alipogusa kijisanduku kwa kidole kimoja, kidole hakikukuta kitu. Ngozi haikupata habari yoyote, na ngozi isipopata habari mkono unapotea, haujui umefika au haujafika. Alipobana, kidole gumba kilikutana na kidole cha shahada. Mguso ulipatikana, nao ulikuwa wa kweli kabisa, ila ulikuwa wa mwili wake mwenyewe. Kitu pepe hakina ugumu, kwa hiyo kinaazima ugumu wa kidole chako cha pili. Mimi kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya ubanaji kushinda ishara nyingine zote zilizojaribiwa. Waliobuni miwani walizunguka miaka mingi wakitafuta namna ya kutengeneza mguso, wengine kwa glavu za kutetemeka, wengine kwa mashine za kupuliza hewa, na mguso ulikuwa mkononi tangu mwanzo.

Ndani ya kompyuta jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Katika zile nukta 21, nukta namba 4 ni ncha ya kidole gumba na namba 8 ni ncha ya kidole cha shahada. Programu inapima umbali kati ya namba 4 na namba 8. Ukipungua vya kutosha, umeshika. Lakini mpwa wangu alinionyesha mitego miwili. Mkono ukiwa mbali na kamera, vidole vyote vinaonekana vimekaribiana, na mashine inadhani umebana. Kwa hiyo umbali huo lazima ulinganishwe na ukubwa wa kiganja. Mtego wa pili ni mtetemeko. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia kama jiwe, na wa mzee hutetemeka zaidi. Ukiweka mpaka mmoja wa kushika na kuachia, kitu kitanaswa na kudondoka mara kumi kwa sekunde. Dawa yake ni mipaka miwili: ili kushika lazima vidole vikaribiane sana, na ili kuachia lazima viachane kwelikweli. Kati ya hapo na hapo, mashine inavumilia. Nilimwona akirekebisha mpaka huo mpaka ukaelewana na mkono wa shangazi, na kwangu mimi huo ulikuwa uungwana, mashine kumngoja mzee amalize.

Sasa niwaambie na la kwangu, ambalo halikwenda vizuri. Kabla ya siku hiyo niliwahi kualikwa kwenye maonyesho ambapo kampuni moja ilituvalisha miwani ya aina hii. Mbele yangu kulikuwa na meza pepe na vitu juu yake, nikaambiwa nivipange. Kila ishara ilitaka mkono ulionyooshwa mbele, usawa wa macho. Dakika ya kwanza nilifurahi. Dakika ya tatu bega likaanza kuwaka. Dakika ya tano nilikuwa naushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usianguke. Na kila nilipogeuka upande kuongea na mwenyeji wangu, huku nikieleza kwa mikono kama tunavyoeleza sisi, vitu vya mezani viliruka. Mashine ilidhani nazungumza nayo.

Maradhi hayo mawili yana historia. La kwanza wataalamu wanaliita mkono wa sokwe: mkono ukining'inia hewani bila egemeo unachoka haraka, na hili lilijulikana tangu enzi za skrini za mwanzo za kugusa zilizosimamishwa wima. Sinema ya Minority Report ya mwaka 2002 ilitufanya tulisahau. Humo Tom Cruise anasimama mbele ya kioo na kupeperusha mikono kama kiongozi wa bendi, na dunia nzima ikadhani hivyo ndivyo kazi itakavyofanywa. Hebu simama, pepea mikono kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, kisha unipigie simu studio. La pili ni gumu zaidi. Mkono haulali. Unajikuna, unafukuza nzi, unamwita mtoto, unasisitiza neno. Mashine itajuaje ipi ni amri na ipi ni maisha?

Jibu la miwani ya Apple, iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2, 2024, ni kugawa kazi. Jicho linachagua, vidole vinakubali. Ukitazama kitu, mashine inajua unakitazama. Ukibana, kimechaguliwa. Kamera nyingine zimeelekezwa chini, kwa hiyo mkono unaweza kukaa pajani. Bega limepumzika. Ukijikuna hakuna linalotokea. Huo ni uhandisi mzuri, nausifu bila kusita.

Lakini kuna waliokuwa wamejifunza ishara nyingine, na hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 2016 Microsoft ilitoa miwani ya HoloLens. Ilikuwa na ishara mbili. Moja ilikuwa kuinua kidole cha shahada na kukishusha. Ya pili ilikuwa kukusanya ncha za vidole vyote vitano zikitazama juu, kisha kuzifungua kama ua linalochanua, na hapo orodha inatokea. Mtu akienda Muscat au Cairo na vidole vimekusanywa hivyo, kabla ua halijachanua, amekwisha kusema subiri, taratibu. Ilipokuja HoloLens ya pili, iliyotangazwa mwaka 2019, ua likaondolewa. Orodha sasa iliitwa kwa kutazama kifundo cha mkono na kukigusa. Watu waliojizoeza kuchanua vidole ikabidi wasahau. Na mwaka 2024 Microsoft ikaacha kutengeneza miwani hiyo kabisa. Ishara nzima ilizaliwa, ikafundishwa kwa madaktari na mafundi na wanafunzi, ikafa, ndani ya miaka michache. Herufi tunazoandika nazo hazina mwenyewe wa kuziondoa sokoni. Ishara hizi zinaye.

Nimetaja madaktari, na sitaki kuwapita. Katika Hospitali ya St Mary's, London, wapasuaji pamoja na watafiti wa Imperial College walitumia HoloLens katika upasuaji wa kurekebisha miguu iliyoumia vibaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Picha za mifupa na mishipa ya mgonjwa, zilizopigwa kabla kwa mashine ya CT, ziliwekwa juu ya mguu wenyewe, na mpasuaji akaona mishipa midogo ya damu inakopita kabla kisu hakijagusa ngozi. Mishipa hiyo ndiyo inayoamua kama nyama inayohamishwa kufunika kidonda itaishi au itaoza. Fikirieni mikono ya mpasuaji huyo. Imeoshwa, imevalishwa glavu, hairuhusiwi kugusa kibodi wala kipanya wala kioo. Kwa mtu huyo, kusogeza picha kwa ishara hewani ni njia ya kuendelea na kazi bila kwenda kunawa upya. Hapo ishara ya mkono inapata heshima yake kamili. Mtu anaponiuliza haya yote yana faida gani kwa sisi ambao dola 3,499 ni nyumba ya vyumba viwili, mimi namjibu kwa mguu huo wa London. Na namkumbusha kwamba kwa shangazi ilitosha kompyuta ndogo na programu ya bure.

Wakati huo huo mambo yanakimbia. Septemba 2025 Meta ilitangaza miwani ya dola 799 inayokuja na bangili ya kifundoni. Bangili hiyo haina kamera. Inasikiliza umeme mdogo wa misuli unaopita kwenye kifundo kuelekea vidoleni. Mkono unaweza kuwa mfukoni au chini ya khanga, ukabana, na miwani ikatii. Kwa mabega yetu ni habari njema. Kwa mazungumzo yetu sina hakika. Nikizungumza nawe na mkono wako mfukoni unafungua barua, nitajuaje kwamba haupo nami?

Na kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya hilo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua data za wachezaji zaidi ya 55,000 wa mchezo mmoja wa uhalisia pepe. Hawakuchukua majina wala sura. Walichukua mwendo wa kichwa na mikono tu. Kwa sekunde 100 za mwendo huo, kompyuta iliweza kumtambua mchezaji ni yupi kati ya wote hao, na ilipatia zaidi ya mara 94 katika kila 100. Maana yake namna unavyosogeza mkono ni sahihi yako. Sisi tunalijua hilo kwa njia yetu: unamtambua ndugu yako mwisho wa barabara kwa jinsi anavyopunga, kabla hujaona uso. Tofauti ni kwamba wewe ni ndugu yake. Anayetengeneza miwani si ndugu ya mtu, na hiyo sahihi anayo kila siku. Tunapozungumza sheria za kulinda taarifa binafsi, Dar es Salaam na Nairobi, tunazungumza namba za simu na alama za vidole. Mwendo wa mkono nao uingizwe humo, na uingizwe mapema.

Nirudi kwenye adabu, maana mkono kwetu una adabu. Kitu hakipokelewi kwa mkono wa kushoto. Mkubwa haonyeshwi kidole. Kumwita mtu mzima kwa kidole kimoja kilichopindwa, kiganja kikitazama juu, ni kumdharau. Tunaita kiganja kikitazama chini na vidole vyote vikikusanya hewa kuja kwetu. Katika miwani kadhaa ya leo, ukigeuza kiganja kikatazama uso wako, mashine inajiandaa kukufungulia orodha. Mamilioni ya watu, Waswahili wakiwamo, wana kazi ya siku zote kwa kiganja kilichogeuzwa usoni: ndipo dua inapoombwa. Sisemi waliobuni walikosea kwa makusudi. Nasema chumba walichokaa kubuni hakikuwa na mtu wa kuwaambia. Viziwi wana dai zito kuliko letu, kwa sababu kwao mkono ndio lugha yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mtu anayezungumza kwa mikono siku nzima atavaaje miwani inayochukua kila harakati kuwa amri? Wao ndio waliostahili kukaa kwenye kiti cha kwanza katika chumba hicho, wakifuatiwa na mafundi wa sindano.

Siku ile kibarazani, baada ya kukinasa kijisanduku, shangazi alikisogeza mbali mpaka ukingoni mwa kioo, kisha akataka kirudi. Hakukifuata. Alikaa pale pale akakiita, kiganja chini, vidole vinne vikipepea taratibu, kama anavyowaita wajukuu waje kula. Kijisanduku hakikusogea. Akaita tena. Akamgeukia kijana, "Mbona hakiji?"

Mpwa wangu akatazama nukta. Zilikuwa zinarukaruka. Kamera ilikuwa mbele ya shangazi, na mkono uliolazwa kiganja chini, ukitazamwa kutoka mbele, unabaki ncha za vidole tu: kiganja hakionekani, na programu inaanzia kwenye kiganja. Kama kamera ingekuwa kwenye paji la uso wake, ingeuona mgongo wote wa mkono na vidole vikienda na kurudi. Na hata hapo isingeelewa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuifundisha kwamba mkono huo unasema njoo.

Njiani kurudi mpwa wangu hakuzungumza sana. Usiku akaniamsha kwa ujumbe wa simu: "Mjomba, mikono mingapi unaweza kunipatia?" Nimekwisha kumpatia 40, wauza samaki, makondakta wa daladala, walimu wa madrasa, mabinti wa kidato cha nne. Kila mmoja anaita mara kumi mbele ya kamera iliyofungwa kwenye kofia, akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama. Kofia yenyewe ameishona shangazi, ameacha tundu moja katikati ya ua kwa ajili ya kamera. Jumamosi ni zamu yake mwenyewe, na ameuliza kama anaweza kuita akiwa ameshika sindano, maana ndivyo anavyoita siku zote.